Mwezi wa Kubandika

Mtoto alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbizwa na ng'ombe. Kila alipovuta hewa, ngozi ya chini ya mbavu zake ilibonyea, ikainuka, ikabonyea tena, upesi upesi, na vitundu vya pua yake vilipanuka na kusinyaa kama vya mtu mwenye hasira. Nyasuguta alisimama kando ya kile kitanda kidogo cha chuma, mkono mmoja ameushikiza kwenye kidonda chini ya kitovu, mwingine ameegemea ukingo. Alikuwa ameambiwa akalale. Lakini kulala kulimuuma, kukaa kulimuuma zaidi, na kusimama angalau kulimwezesha kumwona mwanawe.

Chumba cha watoto wachanga katika hospitali ile ya Migori kilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na asubuhi hiyo mtungi ulikuwa na wateja wawili. Sista Aloo aliugawa mrija kwa kipande cha plastiki na plasta, nusu kwa mtoto huyu, nusu kwa mtoto wa mchimba dhahabu wa Osiri aliyelala upande wa pili. Alifanya kazi hiyo kama mama anayegawa mkate mdogo kwa watoto wengi na hataki kuulizwa kwa nini ni mdogo.

"Ni maji, nyar Kisii," alisema baadaye, alipoona Nyasuguta hatoki. Tangu alipomkuta wodini alimwita hivyo, binti wa Kisii, na halikuwa tusi. "Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji. Uchungu ukianza, mwili unamwambia, haya, jiandae, safari imefika. Maji yanaanza kukauka. Halafu akipita njiani anakamuliwa kama nguo. Huyu wako hakuambiwa kitu. Alikuwa amelala zake, tukafungua, tukamtoa. Wa operesheni wengi huwa hivi. Kesho utamkuta ametulia."

"Na asipotulia?"

"Kwa nini asitulie? Miezi yake si imetimia?"

Nyasuguta aliinama akamtengenezea mtoto shuka ambalo halikuwa limeharibika. Miezi ilikuwa imetimia, ndiyo. Lakini mmoja kati ya miezi hiyo ulikuwa umebandikwa, na aliyeubandika alikuwa fundi.

Monari, mumewe, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Yakub, mjini. Ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa lao la Wasabato, na mwaka huo ndiye aliyepewa kazi ya kuishonea sare mpya za makambi. Makambi hayana mchezo. Ni juma zima la Agosti, watu wanalala kwenye mahema, wanaimba, wanahubiriwa, na atakayekosa ataulizwa mwaka mzima alikuwa wapi. Basi siku ile kliniki, muuguzi alipomwuliza Nyasuguta mara ya mwisho aliona damu lini, Monari alimtangulia kujibu. Akarudisha nyuma mwezi mzima. Alikuwa ameshapiga hesabu njiani: wakimfuata Mungu na kalenda, makambi yangemkuta mkewe kwenye mwezi wa mwisho, na uchungu ungeweza kuangukia katikati ya nyimbo. Na mama yake alikuwa ametuma neno kwamba atakuja kumsaidia mkaza mwana kabla ya makambi, ama asije kabisa.

Operesheni yenyewe haikuwa na hiari. Bonareri, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa kwa kisu kilichopita kutoka juu kwenda chini, na Daktari Gichana alisema tumbo lenye kovu la namna hiyo halisukumi tena. Alisema pia kwamba wasiwe na haraka, mtoto akomae, na hata uchungu ukianza kidogo si vibaya ilimradi mama awe karibu na hospitali. Monari aliyasikia yote. Alichobaki nacho kichwani ni tarehe. Daktari alipopapasa tumbo na kusema mbona ni dogo kwa miezi hiyo, Monari alicheka akasema wanawake wa kwao hubeba mimba kwa adabu. Daktari naye akacheka. Nyasuguta alikuwa amelala pale juu ya meza, tumbo wazi, na yeye akatabasamu.

Fundi huzoea kwamba kitambaa hakibishi.

*

Mama yake Monari, Kemuma, aliingia wodini na kikapu, chupa ya uji, na maneno. Alikuwa ametoka Nyamira akiwa na mawazo yake tayari. Alisimama katikati ya vitanda akasema, kwa Kiswahili ili wodi nzima inufaike, kwamba yeye amezaa saba na wote walipita mlangoni.

"Huyu amepitia dirishani," alisema. "Na mimi ninavyojua, anayepitia dirishani ni mwizi."

Wanawake wawili watatu walicheka. Nyasuguta alitazama ukuta. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mke wa mvuvi kutoka Sori, Perez, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Mama," Perez alisema, "hata mwizi, akishaingia ndani, ameingia. Muulize mwenye nyumba."

Safari hii wodi ilicheka yote, na Kemuma mwenyewe akaumwa na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo, akakimeza. Alimimina uji. Alimshika Nyasuguta bega kumwinua ili anywe, na mkono wake ulikuwa mpole kuliko ulimi. Kisha akaenda kumwona mjukuu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

Alikuwa ametaka kumpa mtoto maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Sista Aloo akamzuia. Wakabishana mlangoni, Kemuma akisema mtoto ana njaa, midomo imekauka, na Sista akasema mtoto anapewa sukari kupitia mshipa. Mwishowe Sista akamwuliza: mama, wewe ukiwa unakimbia unaweza kunywa uji? Kemuma akasema hapana. Basi huyu anakimbia, Sista akasema. Akinywa yataingia palepale penye maji mengine.

Hilo Kemuma alilielewa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha Nyasuguta.

"Hakupigana," alisema kwa Kigusii, taratibu. "Mtoto anapaswa apiganie njia. Hata kifaranga ukimbandulia gamba kabla hajaligonga mwenyewe, hasimami. Mlimtoa kabla hajagonga."

Mama mkwe alikuwa anaulaumu wembe wa daktari. Hakujua ni wapi pengine alipogusa.

*

Monari alikuja adhuhuri, nyuzi nyeupe kwenye suruali, pini zimepangana kwenye ukosi wa shati. Macho yalikuwa mekundu kwa kushona. Alileta glavu na pamba zilizoagizwa, akazikabidhi kwa Sista kama mtu anayewasilisha sadaka. Alimtazama mtoto kupitia kioo cha mlango, hakuingia.

Nyasuguta alimfuata kwenye korido, hatua za bibi kizee, amejikunja. Alimwambia wamweleze daktari ule mwezi. Alimwambia mtoto anaguna sasa, kila akitoa pumzi anaguna kama mtu aliyebebeshwa gunia, na Sista mwenyewe ameacha kusema kesho.

"Daktari amesema ni maji," Monari alisema. "Maji yanakauka."

"Amesema hivyo kwa mtoto wa miezi tisa."

"Na tukimwambia ni wa minane, atafanya nini? Atamrudisha tumboni?" Alishusha sauti, kwani mtu alipita na ndoo. "Nyasuguta, mimi kesho nasimama mbele ya watu. Mama yuko hapa. Unataka waseme nini? Kwamba Monari alimtoboa mkewe tumbo ili akaimbe?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kuyasikia kwa sauti kulimchosha Nyasuguta kuliko kuyajua moyoni.

"Kunywa uji," Monari alisema. "Umepungukiwa damu ndiyo maana unaogopa."

Akaenda. Sare za sauti ya tatu zilikuwa bado hazina vifungo.

Nyasuguta aliegemea ukuta. Alijiuliza kwa nini asiende peke yake kwa daktari. Chumba chake kilikuwa pale, mlango wa tatu. Lakini mwanamke aliyetabasamu juu ya meza ile anaanzaje? Ataulizwa: ulikuwa wapi siku zote hizo, mama? Mwili ni wako, damu uliiona wewe. Alirudi kitandani, akalala ubavu, akaufumba mdomo kama mtu anayezuia kutapika.

*

Asubuhi iliyofuata akina mama wa Dorkasi, chama cha huduma cha kanisa, walikuja kumwona mzazi kabla ya kwenda kambini. Walikuja na Mzee Cephas wa kanisa, na Monari nyuma yao, amevaa tai. Kwa kuwa mmoja wao alifahamiana na msimamizi, waliruhusiwa kusimama kwenye mlango wa chumba cha watoto. Waliimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini. Mzee Cephas aliomba, sala nzuri yenye mpangilio. Alimshukuru Mungu kwa mtoto mwenye adabu, aliyechagua kuja kabla ya makambi ili baba yake asikose nafasi yake katika shamba la Bwana.

"Amina," walisema wote.

Monari alisema amina. Nyasuguta hakusema. Alikuwa akiutazama ule ubonyevu wa chini ya mbavu, sasa wenye kina cha kuingia kidole.

Daktari Gichana aliwakuta hapo. Alikuwa mtu mfupi, Mkuria, ambaye macho yake yalionyesha ametoka kumfanyia mtu operesheni na kuna mwingine anamngoja. Aliomba nafasi, wakampisha lakini hawakuondoka. Alisikiliza kifua cha mtoto mbele na nyuma. Alisikiliza tena. Kisha akasimama akayakunja yale masikio yake ya mpira polepole.

"Maji huwa yamepungua kufikia sasa," alisema. "Huyu anazidi kuchoka. Mtoto aliyekomaa haguni namna hii." Akamgeukia Nyasuguta. "Mama, nilishauliza, nauliza tena. Ile hesabu ya miezi ni ya kweli?"

"Ni hiyohiyo tuliyokwambia, daktari," Monari alisema.

Na papo hapo mtoto akaacha kupumua.

Haikuwa kwa muda mrefu. Kifua kilitulia tu, kama cherehani mtu anapoondoa mguu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alionekana amestarehe. Midomo ikaanza kupata rangi ya zambarau mbivu. Sista Aloo alimpiga kidogo kwenye unyayo kwa ncha ya kidole, mara, tena, na mtoto akashtuka, akavuta hewa, mbio zikaanza upya. Mmoja wa akina mama wa Dorkasi alikuwa ameshika kitambaa mdomoni.

"Si ya kweli," Nyasuguta alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Daktari aliinamisha kichwa kumsikia.

"Alikuwa na mwezi mmoja wa kukaa ndani. Tulimwongezea."

"Nani alimwongezea?"

Alimwona Monari, tai imemkaba, jasho limemtoka juu ya mdomo. Alimwona mama mkwe nyuma ya watu, kikapu mkononi. Neno lililokuja ulimini lilikuwa "yeye". Lilikuwa neno la haki, nusu yake.

"Sisi," alisema. "Tuliogopa uchungu uangukie makambi."

Mzee Cephas alitazama viatu vyake. Daktari alikaa kwenye kiti cha Sista kama mtu aliyepewa mzigo mwingine na hana pa kuuweka.

"Kwa mtoto aliyetimia ningengoja," alisema, bila kupandisha sauti, na Nyasuguta alitamani angepandisha. "Kwa huyu nisingengoja hata jana. Shida yake si maji peke yake. Mapafu ya mwezi wa nane hayajapata ule utelezi wa kuyazuia yasigandamane. Chukua mifuko miwili ya nailoni iliyolowa, jaribu kuifungua. Hiyo ndiyo kazi anayofanya kila pumzi. Tena tumemtoa bila hata saa moja ya uchungu, ambao ungemsaidia. Vyote viwili tumemnyima." Alisema tumemnyima. Hakusema mmemnyima. "Huko Homa Bay kuna hospitali ya misheni, wana inkubeta, kisanduku cha kumtia joto, na mashine ya kumsukumia hewa. Aende leo. Sasa. Gari letu liko juu ya mawe huko nyuma, magurudumu hayapo. Tafuteni gari."

Wote walimtazama Monari. Aliitoa tai, akaikunja ndani ya kiganja, akatoka. Walimsikia akikimbia kwenye korido.

Kemuma alimkaribia Nyasuguta. Nyasuguta alijiandaa kwa lolote.

"Na mimi nilisema nitakuja kabla ya makambi ama nisije," Kemuma alisema. Alianza kukusanya vitu vya mkaza mwana na kuvipanga ndani ya kikapu, kanga, sabuni, kikombe.

*

Yakub hakumwuliza Monari mengi. Alikuwa akipakua majora ya vitambaa kutoka kwenye pikapu yake mbele ya duka. Alisema tu: fundi, tangu juzi umekuwa ukiniambia mke wako amejifungua salama, salama gani hii inayotaka gari? Halafu akayatupa majora yaliyobaki barazani, juu ya sare za kwaya, akapanda kwenye usukani yeye mwenyewe.

Mbele walikaa Nyasuguta na Sista Aloo, mtungi mdogo wa oksijeni ukiwa umelala miguuni pao. Nyuma, kwenye upepo, walikaa Monari na mama yake. Sista alimfungulia Nyasuguta blauzi akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kanga. Alisema hiyo ndiyo inkubeta ya barabarani. Yakub aligeuza uso upande wa dirisha mpaka walipomaliza.

Baada ya Rongo walikuta malori ya miwa, na kila gari lilipotikisika kidonda cha Nyasuguta kilimkata upya. Hakulalamika. Alikuwa akisikiliza kwa ngozi. Zile pumzi fupi zilimgonga kifuani kama vidole vya mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Mara moja zilisita, naye kabla ya Sista kunyoosha mkono alikuwa ameshamsugua mgongo, na zikarudi.

"Unanichukia," alimwambia Sista.

"Nikikuchukia nitapata nini?" Sista Aloo alisema. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, zamu yake ilikwisha tangu alfajiri. "Wiki iliyopita kuna mwingine alipunguza miezi, ili ilingane na mume aliyekuwa Mombasa. Wewe shika mrija usichomoke."

Akaushika. Ziwa lilipoonekana chini ya vilima, jeupe kama bati, hakuligeukia.

*

Wale wa misheni walimpokea mtoto mikononi wakatoweka naye. Nyasuguta alimwona tena kupitia kioo, ndani ya kisanduku chake, mirija puani, na mashine kando inayotoa mapovu kwenye chupa. Muuguzi aliyemweleza hakumwahidi chochote. Alisema anaweza kuishi, anaweza kuchoka, na kwamba wengi wa namna yake huamua wenyewe ndani ya siku chache.

Monari hakwenda kambini. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi Sabato nzima, na kutoka mjini upepo ulileta nyimbo za kambi nyingine, ya Wajaluo, nyimbo zilezile kwa lugha nyingine. Jioni Nyasuguta alitoka akakaa kwenye benchi, ncha ya pili.

"Ungeniambia kwanza," Monari alisema. "Kabla ya kusema mbele ya watu."

"Nilikuambia. Ukaniambia ninywe uji."

Baadaye Monari alisema kwamba Mzee Cephas ametuma neno kupitia kwa Yakub: kwaya imepata kiongozi mwingine kwa sasa, na ndugu Monari apumzike. Alilitamka lile apumzike kana kwamba lina mfupa ndani. Nyasuguta aliona kwamba anangoja kuhurumiwa. Alipekua ndani yake akitafuta huruma, akakuta uchovu tu umejaa hadi mlangoni. Alimsogezea kikombe chake cha chai iliyopoa, akarudi kwenye kioo.

Siku hizo zilikuwa na sura moja. Alikamua maziwa kikombeni, yakapitishwa kwa mrija. Alilala akiwa amekaa. Kemuma alifua, akaanika, akafua tena vilivyokwisha kukauka, na hakusema lolote kuhusu milango wala madirisha. Mara mbili mashine zilipiga kelele na wauguzi wakakimbia, na mara zote mbili alijua kwamba mtoto akienda, lile neno "sisi" atabaki kulibeba peke yake.

Asubuhi moja muuguzi alimwita ndani. Mashine ilikuwa imezimwa. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka, taratibu, kama za mtu yeyote aliyelala. Muuguzi alifungua kile kisanduku, akaitoa plasta iliyoshika mrija puani, na plasta ilipovuta ngozi mtoto alikunja uso, akajaza kifua, akalia.

Tangu kuzaliwa hakuwa amelia. Alikuwa hana hewa ya ziada ya kulilia. Sasa alilia kwa hasira, kwa mdomo wazi hadi kooni, sauti ikapita kwenye kioo na kwenye korido, na huko nje benchi lilisikika likigonga ukuta mtu alivyoinuka ghafla. Kemuma aliingia mbio bila ruhusa, mikono mbele, tayari kumnyamazisha kama alivyowanyamazisha wale saba wote.

"Mwache, mama," Nyasuguta alisema. Alikuwa amekaa sakafuni, na hakuwa na nguvu hata ya kufuta machozi. "Mwache alie."